Kiasi cha Bunduki: Risasi, Kanieneo na Umri wa Vipande katika Historia ya Silaha za Fizi

Utangulizi

Nundu iko katika wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika njia itokayo Uvira kwenda Baraka. Huko Kibembe ndicho kisemwacho majumbani, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho wenyeji na wavuvi, wafanyabiashara na wageni wa ng'ambo zote za ziwa. Tangu karne ya 19 mwambao huu umepitiwa na bunduki za kila namna: magobore ya misafara ya Ujiji, Albini na Mauser za Force Publique, FAL na Kalashnikov za vita vya 1964 na 1965, na silaha za vita vilivyozuka mwaka 1996 na kuendelea kwa sura mbalimbali hadi miaka ya 2020. Kila silaha imeacha makovu yake katika maisha ya watu. Imeacha pia maneno.

Makala hii inakusudia kueleza jambo moja la kiufundi ambalo maneno hayo yanalibeba, nalo ni uhusiano uliopo kati ya muundo wa risasi, msukumo wa gesi ndani ya bunduki, na umri wa vipande vya bunduki yenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba neno la kale la Kiswahili, *kiasi*, linaeleza uhusiano huo kwa usahihi kuliko neno *risasi* ambalo limechukua nafasi yake. Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Asiyelifahamu hudhani kwamba bunduki kuukuu ni bunduki iliyokufa, au kwamba risasi mbili zenye namba moja ni kitu kimoja. Na mfasiri asiyelifahamu huweza kuacha mwanya katika sheria zinazokusudiwa kuzuia silaha zisienee.

Maneno yaliyotoka katika gobore

Msamiati wa Kiswahili kuhusu bunduki ulitungwa katika zama za gobore, yaani bunduki ijazwayo kwa mdomo wa mtutu. Mwenye gobore alimimina baruti, akatia kitambaa, akatia risasi, akavishindilia kwa mdeki. Kwa bunduki ya gumegume, moto ulitoka katika jiwe lililogonga chuma. Kwa ile ya baadaye, moto ulitoka katika fataki. Kila hatua ilikuwa na jina lake, na kila kitu kilishikwa mkononi peke yake.

Mengi ya majina hayo yana asili ya ng'ambo. *Baruti* na *bunduki* yamepitia Kiarabu, na hilo la pili kwa asili lilihusu tunda dogo la mviringo, kisha kitufe cha kurushwa, kisha chombo cha kukirushia. *Kasiba*, jina la mtutu, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya unyasi au mwanzi, na Waswahili wengine waliuita mtutu *mwanzi wa bunduki* moja kwa moja. *Risasi* linatokana na jina la Kiarabu la madini, yale mazito na laini yayeyukayo katika moto wa jikoni. *Mtambo* ni neno la Kibantu. Kabla ya kuwa jina la mashine za viwandani, lilitumika kwa mtego na kwa kifaa cha bunduki kifyatukacho.

Katikati ya maneno hayo kulikuwa na *kiasi*. Maana yake ya kawaida ni kipimo au kadiri. Lakini kamusi za zamani za Kiswahili cha Unguja huonyesha pia maana nyingine: *kiasi cha bunduki* kilikuwa ni mzigo wa baruti uliokwisha kupimwa na kufungwa pamoja na risasi yake, tayari kutiwa katika mtutu. Jina hilo halikutazama madini wala umbo. Lilitazama kipimo. Mwenye gobore alijua kwamba baruti ikipungua risasi huanguka karibu, na ikizidi mtutu hupasuka usoni pake. Usalama wake wote ulikuwa katika kadiri.

Kinachotokea ndani ya chemba

Risasi ya kisasa imeunganisha katika kifurushi kimoja vitu vinne ambavyo mwenye gobore alivishika mbalimbali: ganda la shaba nyeupe au la chuma, fataki iliyo kitakoni, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Kifurushi hicho huwekwa katika chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu iliyochongwa kwa umbo la ganda. Nyuma yake hufungwa kwa kipande cha chuma kifananacho na komeo la mlango, chenye meno yanayong'ang'ania katika mwili wa bunduki.

Fataki ikigongwa, baruti huwaka na kugeuka gesi yenye joto kali. Gesi hiyo, ikiwa imefungiwa mahali padogo, hutafuta njia kila upande. Wataalamu wa sayansi huita msukumo wa namna hii *kanieneo*, istilahi iliyoundwa kwa kuunganisha *kani* na *eneo*, nayo inajieleza yenyewe: ni kani iliyogawanywa kwa eneo inaloliangukia. Kwa risasi ya Kalashnikov ya asili, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na vipimo vya Ulaya ni megapaskali 355, ambazo ni takribani mara 3,500 ya kanieneo ya hewa. Upepo ulio katika gurudumu la gari dogo haufiki hata sehemu moja ya elfu ya kiwango hicho.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kitako cha ganda hilo, kwa ndani, kina eneo lisilofika sentimeta moja ya mraba. Hata hivyo, kanieneo ikiwa katika kilele chake, kitako hicho husukuma komeo kwa kani ya zaidi ya tani mbili. Mzigo huo hudumu kwa muda ulio mfupi kuliko sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, kisha huondoka. Risasi inayofuata huuleta tena, na ile inayofuata vivyo hivyo.

Ganda nalo lina kazi mbili zinazokinzana. Kwanza hutanuka na kuubana ukuta wa chemba, ili gesi isirudi nyuma kumchoma mpigaji. Kisha, kichwa kikishatoka mtutuni na kanieneo ikishuka, ganda hujikunyata kidogo ili liweze kuvutwa nje. Kanieneo ikizidi mno, ganda hukwama, au kitako chake hupasuka. Ikipungua mno, ganda halizibi vizuri, na bunduki inayojijaza yenyewe haipati nguvu ya kujijaza. Kwa hiyo risasi njema si ile iliyo kali kuliko zote. Ni ile inayolingana na chemba yake, komeo lake na springi yake. Hilo ndilo jambo ambalo neno *kiasi* lililitaja tangu zamani.

Kutoka baruti nyeusi hadi baruti isiyo na moshi

Baruti ya gobore ilikuwa mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Ilitoa moshi mwingi na masizi mazito, lakini kanieneo yake ilikuwa ya chini, kiasi kwamba fundi wa kijiji aliweza kurekebisha mtutu au mtambo uliovunjika. Force Publique, jeshi la Dola Huru ya Kongo lililoanzishwa na Leopold II, lilitumia kwa miaka mingi bunduki ya Albini ya milimeta 11. Hiyo ilikuwa imekwisha kuingia katika zama za ganda la shaba na kujazwa kwa nyuma, lakini baruti yake bado ilikuwa nyeusi, na risasi yake bado ilikuwa risasi kwa maana ya Kiarabu. Kichwa chake kilitoka mtutuni kwa mwendo wa takribani mita 400 kwa sekunde.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, iliyotokana na nitroselulosi. Miaka miwili baadaye Ufaransa ilikuwa na bunduki ya Lebel iliyoundwa kwa ajili ya baruti hiyo. Ubelgiji ilichagua Mauser ya 1889, na kiwanda cha FN kiliasisiwa Herstal mwaka huo huo ili kuitengeneza. Kipenyo kilishuka kutoka milimeta 11 hadi 7.65, na mwendo ukapanda kupita mita 600 kwa sekunde. Kanieneo iliongezeka zaidi ya maradufu. Risasi laini ya madini yale ya kale haikuweza tena kustahimili joto na mwendo wa namna hiyo ndani ya mtutu wenye mikato, ikabidi ivikwe ngozi ya madini magumu zaidi. Komeo nalo lilipewa meno mawili imara mbele, karibu na chemba, kwa kuwa hapo ndipo mzigo ulipo.

Tofauti hiyo ya kiufundi iligeuka kuwa tofauti ya kisheria. Mkataba wa Brussels, uliotiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890, ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki bora na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki, ila kwa mahitaji ya serikali na kwa ruhusa maalumu. Bunduki za gumegume zisizo na mikato mtutuni, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliwekewa masharti mepesi zaidi. Kwa maneno mengine, mataifa ya Ulaya yaligawa nguvu kwa kugawa kanieneo. Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya mapambano kati ya majeshi ya Wabelgiji na Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, ambaye kutoka Ujiji alikuwa na watu wake katika mwambao wa magharibi wa ziwa. Nguvu zake katika upande huo zilivunjwa mwanzoni mwa 1894.

Namba moja, viasi viwili: 1964 na 1965

Uasi wa Simba ulipofika Fizi mwaka 1964, wapiganaji wengi walitegemea dawa iliyosemwa kuwa hugeuza risasi kuwa maji, imani iliyowahi kusikika katika Vita vya Maji Maji huko Tanganyika kuanzia 1905. Silaha za kisasa zilifuata. Mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, na Wakuba waliomfuata wakazidi mia moja. Tarehe 29 Juni mwaka huo walishambulia ngome ya Bendera, na tarehe 21 Novemba Guevara akaondoka kwa njia hiyo hiyo ya ziwa. Katikati ya hapo, mwishoni mwa Septemba, majeshi ya serikali pamoja na mamluki wa Mike Hoare yaliteremka Baraka, na mwezi wa Oktoba yakautwaa mji wa Fizi.

Katika milima hiyo zilikutana falsafa mbili za uundaji wa risasi. Upande wa serikali ulikuwa na FAL ya Ubelgiji, na waasi walipata silaha za Kisovieti na za Kichina, zikiwamo za jamii ya Kalashnikov. Risasi za pande zote mbili huandikwa kwa namba 7.62, yaani kipenyo kwa milimeta, na hapo ndipo kosa huanzia. Ganda la FAL lina urefu wa milimeta 51 na lile la Kalashnikov milimeta 39. Nishati ya kichwa kikitoka mtutuni ni takribani jouli 3,300 kwa ile ya kwanza na 2,000 kwa ile ya pili. Kiwango cha juu cha kanieneo ni megapaskali 415 kwa risasi ya biashara iliyo pacha wa ile ya FAL, dhidi ya 355. Namba ni moja, lakini viasi ni viwili, na kimoja hakifai katika bunduki ya mwenzake.

Waundaji wa Kalashnikov walichagua kiasi kidogo kwa makusudi. Kichwa hakifiki mbali sana, lakini mzigo juu ya komeo ni mdogo zaidi, na ganda limechongwa kwa kupungua upana kuelekea mbele, hivi kwamba huteleza kutoka chembani hata likiwa na vumbi. Pistoni ya gesi ni nzito na hupewa nguvu iliyozidi mahitaji, ili tope na masizi visiisimamishe. Katika silaha nyingi za jamii hiyo ndani ya mtutu hupakwa kromi, ambayo huzuia kutu na kulika. FAL, kwa upande wake, ilipewa kidhibiti cha gesi ambacho askari hukizungusha kwa mkono ili aongeze au apunguze gesi iendayo kwenye pistoni. Huo ni werevu, lakini ni werevu unaodai askari aliyefundishwa.

Adui mkubwa wa vyuma hivyo katika mwambao wa ziwa hakuwa kanieneo peke yake. Fataki za risasi nyingi za Kisovieti na Kichina za enzi hizo zilikuwa na kemikali ambayo, baada ya kuungua, huacha chumvi mtutuni. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa na kuzaa kutu kwa siku chache. Mafuta hayaiondoi. Huondolewa na maji, na ndiyo sababu mitutu iliyotumia risasi hizo ilipaswa kuoshwa kwa maji kabla ya kupakwa mafuta.

Umri wa vipande

Vipande vya bunduki havizeeki kwa pamoja. Springi hulegea. Kikwapuzi cha ganda huvunjika. Koo la mtutu, mahali kichwa kinapoingia katika mikato, huliwa na gesi ya moto hasa silaha ikipiga mfululizo bila kupumzika. Meno ya komeo huchoka: ufa mdogo usioonekana kwa macho huanzia pembeni mwa jino, hukua kwa kila mlio, hadi jino linakatika. Metali inayochoka namna hii haitoi hesabu iliyonyooka. Nyongeza ndogo ya kanieneo huweza kupunguza umri wa kipande kwa kadiri kubwa kuliko nyongeza yenyewe.

Jeshi la Marekani limejifunza somo hili mara mbili. Katika miaka ya 1960 bunduki ya M16 ilipelekwa Vietnam ikiwa na risasi iliyobadilishiwa baruti. Kanieneo ya kilele haikuwa tatizo kuu. Tatizo lilikuwa jinsi baruti hiyo ilivyowaka: iliharakisha mwendo wa vipande na kuacha masizi zaidi, na bunduki zikakwama mikononi mwa askari wakiwa vitani. Kamati ya Bunge la nchi hiyo ililichunguza jambo hilo mwaka 1967, na miongoni mwa marekebisho yaliyofanywa ni kupaka kromi chembani. Mara ya pili ni risasi ya M855A1, iliyoanza kutumika 2010. Ili kupata mwendo mkubwa katika mtutu mfupi, kanieneo yake ilipandishwa kuliko ya M855 iliyotangulia, na majaribio yakaonyesha kuwa makomeo na mitutu huchakaa mapema zaidi. Kichwa cha risasi hiyo kimeundwa kwa shaba na chuma, bila madini ya risasi hata kidogo. Kwa Kiswahili, basi, hiyo ni risasi isiyo na risasi.

Historia hii inaeleza kwa nini silaha za 1965 hazikufa na vita vyake. Bunduki iliyoundwa kwa kiasi kidogo, yenye mtutu wa kromi na vipande vichache vizito, huweza kustahimili maelfu mengi ya milio. Ikifukiwa au kufichwa ikiwa imepakwa mafuta, hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Kinachoisha ni risasi, ambayo hutumika mara moja tu. Hata ikihifadhiwa, risasi nayo huzeeka: nitroselulosi huoza polepole, na joto na unyevu huharakisha uozo huo, hivi kwamba risasi kuukuu huweza kutoa kanieneo isiyotabirika au isilie kabisa. Lakini isiyolia leo si lazima iwe imekufa, na mtoto anayeiokota shambani na kuigonga kwa jiwe ameishika fataki iliyo hai.

Istilahi na sheria

Katika Kiswahili cha leo, *risasi* ni kifurushi kizima, ni kichwa kirukacho, na bado ni jina la madini. Katika Kiswahili cha Kongo neno *masasi* hubeba mzigo huo huo. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna hasara. Hasara huonekana pale palipo na haja ya kutaja sehemu moja bila nyingine.

Mkataba uliopitishwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010, ambao ulianza kufanya kazi tarehe 8 Machi 2017, unahusu nchi za Afrika ya Kati, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwa miongoni mwao. Jina lake rasmi halitaji silaha ndogo na nyepesi peke yake. Linataja pia risasi zake na vipande vyote viwezavyo kutumiwa kuzitengeneza, kuzirekebisha au kuziunganisha. Waandishi wake walielewa kwamba komeo moja jipya hufufua bunduki iliyokwisha. Mkataba wa kimataifa wa Biashara ya Silaha, uliopitishwa 2013, nao umetenga kifungu kwa risasi na kingine kwa vipande. Mfasiri anayeandika *silaha na risasi* pekee amekiacha nje kitu ambacho sheria ilikusudia kukifunga.

Lugha haina uhaba wa maneno ya kuziba mwanya huo. *Ganda*, *fataki* na *baruti* yamo na yanaeleweka. *Kichwa cha risasi* hutumika kwa kile kirukacho. *Chemba* na *komeo* hutaja mahali pa mzigo na kinachoubeba. Kwa kifurushi kizima, *kiasi* lingeweza kurudishwa katika maandishi ya kitaalamu, hata kama mitaani watu wataendelea kusema *risasi* au *masasi*. Faida yake si ukale wake. Ni kwamba linamkumbusha msomaji swali la kwanza la kuuliza mbele ya risasi yoyote: ni kiasi cha bunduki ipi?

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba muundo wa risasi huamua kanieneo, kanieneo huamua umri wa vipande, na umri wa vipande huamua muda ambao vita vilivyokwisha vitaendelea kuwa na silaha. Mwambao wa Fizi, kutoka Nundu hadi Baraka na milimani juu yake, umeshuhudia mfululizo huo kwa zaidi ya karne moja. Wale watakaotunga vitabu vya shule, matangazo ya tahadhari na tafsiri za sheria kwa ajili ya wakazi wa huko watahitaji maneno yanayotenganisha ganda na kichwa, kipande na silaha nzima. Maneno hayo tayari yamo katika Kiswahili. Kilichobaki ni kuyatumia kila moja mahali pake.